Soksi ya Mbegu za Mzee Trajko

Leo, tarehe 30 Novemba, Mzee Trajko Stamenković anakabidhi ufunguo wa banda la zana, baada ya kujitolea kwa miaka ishirini na sita katika Shamba la Pamoja la mtaa wetu hapa Leskovac. Hajawahi kulipwa hata dinari moja. Hajawahi kuchelewa pia, na sisi wachelewaji alikuwa akitusalimu huku akilitazama jua, tujue wenyewe.

Alikuja mwaka ule kiwanda cha hapa mjini kilipofungwa, akiwa na jembe begani na soksi ya mtoto iliyojaa mbegu za hoho nyekundu, zile tamu, ambazo mama yake alizitunza kijijini maisha yake yote. Kutokana na soksi ile tumepika ajvar kila Septemba: hoho tunazichoma, tunazimenya, tunazikoroga kutwa nzima hadi ziwe rojo. Mitungi huenda kwenye jiko la mtaa, wanakokula wazee wasio na mtu. Wengi wao hawana meno, lakini ajvar ya Trajko haidai meno.

Kila mwaka alichagua matunda bora ya mbegu na kuyafunga uzi mwekundu. Ole wako uguse! Padri alipokuja kubariki matuta alichuma moja bila kujua, akaanza kutafuna. Mzee akamkingia kiganja chini ya kidevu: "Baba, nyama kula, mbegu rudisha." Padri wa watu akazirudisha, moja moja.

Mwenyekiti wetu Vukica aliniagiza: "Stojna, andika kitu cha kuchekesha bwana, watu watakuwa wanakula." Nimejaribu. Cha kuchekesha kimeishia kwa padri.

Septemba hii, sufuria tatu zikiwa motoni, Vukica alionja ajvar kwenye ncha ya mwiko, akashika koo. Ilikuwa kali ya kumtoa mtu machozi. Chakula cha wazee cha kipindi chote cha baridi kikaishia shimo la mbolea. Watu wakamgeukia Trajko, kwa sababu mbegu ni zake.

"Mzee, umechanganya mbegu?" Vukica akamwuliza.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Hata sijui nimekuwa nikichanganya tangu lini."

Akaingia bandani, akatoka na chupa zote za mbegu, za mwaka jana na za miaka ya nyuma, akazimimina ndani ya moto ule ule tuliochomea hoho. Nilizisikia zikipasuka. Jioni hiyo akatuambia anastaafu.

Sasa nisikilizeni. Macho ya Mzee Trajko hayana kosa lolote. Kiangazi cha mwaka jana mimi nilipanda mstari wa pilipili kali nyuma ya maharage yangu, hatua kumi kutoka kwenye hoho zake za mbegu. Alishatukataza. Kila mtu hapa anajua kwamba nyuki hawana mpaka, na kwamba hoho ikipata chavua ya pilipili kali, mbegu yake huzaa ukali mwaka unaofuata. Nilitaka chache tu, za supu ya kaka yangu. Nikadhani maharage yatazificha. Yalimficha Trajko asizione, nyuki wakaziona.

Siku ile nilikuwa na mwiko mkononi, na nilijua kabla Vukica hajamaliza kukohoa. Domo langu hili lisilojua likizo likapigwa kufuli. Mbegu zilizoharibika ni za mwaka jana tu. Za nyuma zote zilikuwa salama. Ningesema neno moja, zisingeungua. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha, na aliyekosa uzao ni yeye. Naona aibu, Mzee wangu. Namwonea aibu hata mama yako, ambaye sikumjua.

Mzee Trajko anahamia Novi Sad kwa binti yake, ghorofa ya nne, ambako hakuna tuta wala jirani wa kugombeza. Mwaka juzi, kabla ya upuuzi wangu, alinipa mtungo wa hoho zilizokaushwa. Nimezipika karibu zote, zimebaki mbili. Zilikuwa zimening'inia juu ya jiko langu katika mvuke na moshi, na huenda mbegu zilishakufa humo ndani. Ziko mezani kwako leo, Mzee, zimefungwa uzi mwekundu. Sijazifungua, mkono wangu haustahili.

Asante kwa kila Septemba uliyotupa. Tunakuombea afya na siku za utulivu, wewe na macho yako mazima. Zikiota, ni za mama yako. Zisipoota, kosa ni la Stojna, na popote shambani hapa litakapotajwa litajwe hivyo. Nimempigia binti yako simu. Anasema dirisha la jikoni linapata jua la asubuhi.