Tisa Hadi Tano

Kando ya barabara ya Lodwar, pale malori yanapopoza injini kabla ya kuondoka Kakuma, kuna ubao uliong'olewa kwenye bodi ya lori la zamani ukalazwa juu ya mapipa mawili. Hilo ndilo benchi. Shamso huuza hapo kahawa ya tangawizi mpaka birika likauke, na wenye benchi lao wanajulikana: Aden, dereva wa lori, aitwaye Breki kwa kuwa huzisifu breki zake kuliko watoto wake, na mzee Lochakapong, mgonga kengele wa kanisa, ambaye hata mkewe humwita Kengele. Alhamisi hiyo Kengele alikaa na karatasi mkononi, kahawa yake haijaguswa.

Karatasi ilimhusu mpwa wake Nawoi, mwalimu wa chekechea. Tangu utotoni usingizi haumjii mpaka saa tisa usiku, na ukimjia haumwachi mpaka karibu adhuhuri. Muhula uliopita alichelewa darasani mara kumi na tisa. Mwalimu mkuu akasema shule ikifunguliwa Jumatatu alete barua ya daktari ahamishiwe darasa la mchana, la sivyo asije tena.

Kulikuwa na daktari Mzungu asiyejua Kiswahili, mgeni kutoka Nairobi, kwenye zahanati ng'ambo ya laga, ule mto mkavu. Alimsikiliza Nawoi bila kumcheka. Alisema huenda saa iliyomo mwilini mwake inakwenda nyuma ya saa za watu, ila saa hiyo haionekani kwa macho, lazima ipimwe. Kwa wiki mbili za likizo alale anapolala, asiamshwe na mtu, na kila siku iandikwe kalala saa ngapi, kaamka saa ngapi. Mkononi avae bangili inayosoma mwanga na jinsi anavyojisogeza. Karatasi na bangili zikikubaliana, barua itaandikwa; na daktari akirudi safari nyingine, Nawoi atakaa jioni kwenye chumba chenye taa hafifu, atoe mate kila nusu saa, kwa sababu mate hubadilika pale mwili unapoanza usiku wake.

Hazikukubaliana. Asubuhi hiyo, saa nne, Nawoi akiwa bado amelala, mlinzi wa zahanati aliirudisha karatasi ikiwa na mistari miwili ya Kiingereza chini yake. Kengele na Aden waliivutavuta mpaka ikatoa maana: karatasi inasema mgonjwa analala vizuri kabisa, bangili inasema yuko macho mpaka usiku mkubwa, moja si ya kweli. Mwenye maelezo aje, daktari anaondoka leo, 2:00. Kengele aliiona ile mbili, akaikunja karatasi. Saa mbili ilikwisha pita, na barua imekwenda nayo.

— Mimi nakwambia bangili ndiyo mbovu, alisema Aden. Mshale wa spidi ukiharibika, gari linasema themanini na wewe unatambaa.

Shamso hakukubali. Kwake yeye bangili ilikuwa nzima, ila Nawoi anatembea ndotoni, na chuma hakijui ndoto. Aden akamwambia hiyo kahawa yake ndiyo inayowaharibia watu usingizi. Shamso akamjibu kwamba yeye Aden hunywa vikombe sita na bado hukoroma juu ya usukani.

— Abaayo, dada yangu, ngoja nimalize, alisema Aden. Huyu mwalimu alizaliwa wapi? Todonyang. Mpakani. Mwili wake ulijiandikisha upande wa pili, unafuata saa za huko.

— Breki, usingizi haugongwi muhuri, alisema Shamso.

— Wewe umevuka mpaka mara ngapi?

Kengele hakucheka. Moyoni alikuwa na neno baya zaidi ya yote hayo: kwamba Nawoi alimvisha rafiki yake bangili, akawadanganya wote. Miaka yote alimwona mvivu. Alfajiri, akishamaliza kuwaita waumini, aliongeza mapigo matatu kuelekea nyumba ya dada yake, akiita huko ni kumsaidia mtoto.

Hapo ndipo Nawoi mwenyewe alipofika, uso bado mzito. Mjomba alimkabidhi karatasi bila salamu. Kabla hajaisoma, mtu mwingine aliomba nafasi kwenye ubao: kijana mrefu mwenye begi, mwalimu wa kambini, aliyejitambulisha kuwa Atem, anasubiri gari la Lodwar.

— Ejok, aliwasalimu kwa Kiturkana.

— Ejok-noi, waliitikia.

Aden, asiyejua kumnyima mtu habari, akamsimulia yote. Atem akaomba kuchungulia ile karatasi mkononi mwa Nawoi. Siku kumi na nne, mwandiko mmoja mzuri wa shule ya msingi: kalala 9, kaamka 5.

— Hizi saa, aliuliza, ni za Kiswahili au za Kizungu?

Shamso alishika birika hewani.

— Nauliza tu. Mimi nilipofika kambini niliambiwa mgao ni saa tatu. Nikaenda three. Nilikuta jiko limeoshwa.

Nawoi alihesabu kwa vidole. Tisa ya Kizungu, jioni. Tano ya Kizungu, alfajiri. Saa nane za usingizi mtamu kama za mtawa.

— Mjomba, alisema polepole, nilikuambia saa tisa usiku. Wewe uliandika nini?

Kila adhuhuri yeye alisema, mzee akaandika, kisha karatasi ikarudishwa ndani ya kitabu cha nyimbo isichafuke. Nawoi hakuwahi kuiona. Kengele angeweza kunyamaza. Aden alikuwa tayari ameanza kuwalaumu Wazungu.

— Mwandiko ni wangu, alisema Kengele. Nilikosea, niliandika 9 tupu bila usiku. Na nilikosea zaidi kukudhania mwongo. Mungu anisamehe, na wewe pia, mama.

Nawoi alikuwa amerudi kwenye mistari ya chini, kidole juu ya 2:00.

— Hii nayo ni saa ya daktari, ya Kizungu, alisema. Sasa hivi ni saa ngapi?

Aden alitazama simu.

— Saa saba kasorobo.

— Basi daktari yupo.

Angekuwepo mpaka saa nane mchana. Aden alikimbilia lori bila kuulizwa. Kengele naye aliinuka, akarudisha kikombe kikiwa kimejaa vilevile.

— Nitaingia mimi kwanza, alisema. Niseme nilichofanya.

— Mjomba, Kiingereza chako hakitoshi.

— Nitasema kwa Kiswahili. Wewe mtafsirie, lakini usipunguze kitu.

Nawoi alimshika mkono kumpandisha kwenye lori.

— Na yale mapigo matatu? aliuliza. Nayo nitafsiri?

Mzee alitazama chini, akaitikia kwa kichwa.