Mvua Juu ya Barafu

Oiva: Haloo? Nani tena asubuhi yote hii?

Saimi: Mimi, kaka. Saimi. Umeamkaje?

Oiva: Salama. Nimeamka saa kumi, mvua inagonga dirisha. Mvua, Januari! Mji huu huu wa Oulu, wa theluji tupu! Wewe hujambo?

Saimi: Sijambo. Kaka, nilikuwa na—

Oiva: Usiniambie umetoka na baiskeli.

Saimi: Nimetoka.

Oiva: Saimi!

Saimi: Ningefanyaje? Mabasi yamesimama. Nina wagonjwa sita wa kuzungukia majumbani kwao kabla ya saa nne.

Oiva: Mvua ikinyesha juu ya barafu haimjui nesi wala fundi. Tairi umebadilisha?

Saimi: La mbele lina misumari ya kushika barafu.

Oiva: Na la nyuma?

Saimi: La nyuma bado.

Oiva: Bado! Novemba nilikwambia nini? Lilete nikufungie!

Saimi: Ulisema utakuja kulichukua mwenyewe.

Oiva: Haya. Sikiliza basi. Toa upepo kidogo, tairi likalie barafu kwa upana. Shusha kiti mpaka nyayo zote mbili zifike chini. Kwenye kona usiilaze baiskeli. Breki ya mbele usiiguse kabisa. Ya nyuma, taratibu, kama unamgusa mtoto aliyelala. Ukifika mteremko—

Saimi: Kaka—

Oiva: —ukifika mteremko unashuka, unakokota. Wala si aibu. Watu wanaona aibu kukokota, wanakuja kuona aibu hospitali.

Saimi: Kaka, nina kazi ya kukutuma.

Oiva: Mimi?

Saimi: Kwa mzee Eelis. Yule wa nyumba ya njano, ng'ambo ya barabara kuu. Kutoka kwako ni dakika kumi tu.

Oiva: Nina baiskeli mbili za watu nimezifumua hapa, vyuma vimejaa sakafuni...

Saimi: Ana sukari. Saa moja lazima ajichome insulini ndipo ale. Tangu jana jioni hajala kitu. Anajua kujichoma, ila namba kwenye kalamu ya sindano haoni. Macho ndiyo hana. Nataka uwe macho yake, basi.

Oiva: Si kazi yangu hiyo. Mkuu wako je?

Saimi: Nesi wa zamu nimempigia. Gari lake limeteleza mpaka mtaroni. Amekubali uende, mradi nikuelekeze kwa simu.

Oiva: Sasa wewe uko wapi mpaka unitume mimi?

Saimi: Njiani.

Oiva: Njiani wapi? Mbona sauti yako inarudi kama umo ndani ya pipa?

Saimi: [mkwaruzo] Mtandao huo.

Oiva: Mtandao haudondoshi maji. Nasikia matone. Uko kwenye kile kivuko cha shimoni, chini ya barabara kuu.

Saimi: Nimejikinga mvua kidogo.

Oiva: Simama, panda juu. Shika bomba la ukutani.

Saimi: Nitapanda baadaye.

Oiva: Panda sasa hivi, nisikie.

Saimi: [anajivuta, anaguna]

Oiva: Saimi.

Saimi: Siwezi, kaka.

Oiva: Mguu?

Saimi: Umeelekea upande ambao mguu hauelekei.

Oiva: Mungu wangu. Umepiga simu ya dharura?

Saimi: Kitambo. Mji mzima umeanguka leo. Wamesema ningoje saa mbili nzima, pengine zaidi. Nisijisogeze, nijifunike.

Oiva: Na hapiti mtu?

Saimi: Mwenye akili yuko kwake.

Oiva: Nakuja.

Saimi: Hapana.

Oiva: Nasema na—

Saimi: Hapana! Nisikilize. Huku chini pande zote mbili ni kioo. Ukishuka tutakuwa wawili shimoni, na mzee wa watu amekaa mlangoni na koti lake la kulalia, ananingoja. Mimi nina mguu tu. Yeye akikosa dawa hii...

Oiva: Kwa nini hukusema tangu mwanzo? Umeniacha nipige domo la tairi!

Saimi: Ulikuwa unaongea vizuri.

Oiva: Ungesema!

Saimi: Ningesema ungekaa chini kwa hofu. Unajijua.

Oiva: [droo inavutwa]

Saimi: Kaka? Upo?

Oiva: Nipo. Natafuta soksi.

Saimi: Soksi?

Oiva: Za sufu. Unazivalisha juu ya viatu. Barafu inazishika. Na kile kiti cha mama cha kusukuma barafuni, chenye vyuma viwili chini, nakisukuma mbele yangu kama mkongojo.

Saimi: Vizuri.

Oiva: Koti nimevaa. Nimefika mlangoni.

Saimi: Toka basi.

Oiva: Tangu nilipoanguka Novemba, Saimi, kila asubuhi nasimama hapa mlangoni na koti mwilini. Nashika kitasa. Halafu... naisikia ile nyonga. Namna ilivyolia. Na ile saa nzima nimelala thelujini, watu wanapita ng'ambo, nikiita hawasikii. Halafu navua koti.

Saimi: Najua. Jirani yako aliniambia.

Oiva: Yule mwanamke! Ana macho ya—

Saimi: Kaka. Fungua mlango.

Oiva: [mlango unalia, upepo] Ee Mungu.

Saimi: Uko nje?

Oiva: Niko kwenye ngazi. Usiniongeleshe.

Saimi: Siongei.

Oiva: Ongea! Ukinyamaza nasikia moyo wangu tu.

Saimi: Kumi na nne. Ndiyo namba ya dawa ya mzee. Chaji ya simu imebaki asilimia saba, baridi inainywa, kwa hiyo ishike sasa. Kumi na nne.

Oiva: Kumi na nne. [mkwaruzo] ...nimefika sanduku la posta. Nimeteleza kidogo. Kiti kimenishika.

Saimi: Hatua fupi, kaka. Kama bata.

Oiva: Unanifundisha mimi? [anahema] Barabara kuu hii. Hakuna hata gari moja.

Saimi: Nasikia vyuma vya kiti. Juu ya kichwa changu.

Oiva: Niko juu yako. Naiona taa ya baiskeli yako inamulika ukuta. Naona kiatu. Saimi, mbona umelala majini?

Saimi: Pita.

Oiva: Kuna ukuta mfupi tu kati yetu. Nikishika nguzo hii—

Saimi: Oiva, pita! Saa moja kasoro dakika tano!

Oiva: Siwezi kukupita. Mimi nilipitwa.

Saimi: Wewe hupiti. Nimekutuma. Nenda.

Oiva: Ngoja. Shika hii.

Saimi: Usivue koti! Kaka, utaganda!

Oiva: Limeshatoka mikononi. Umelifikia?

Saimi: Limenasa kwenye gurudumu. Nalivuta. Nimelipata. Lina joto lako.

Oiva: Jifunike mpaka kichwani. [anahema, vyuma vinakwaruza] Nakwenda. Sigeuki nyuma.

Saimi: Usigeuke.

Oiva: [hodi, sauti ya mbali] Mzee, shikamoo. Mimi ni kaka yake Saimi, yule fundi baiskeli. Hapana, hajambo, amechelewa. Saimi, anauliza nimevaa nini miguuni, kinachoburuta hivi.

Saimi: Mwambie baadaye. Kalamu iko kwenye friji, mlangoni, rafu ya juu. Ya kijani. Funga sindano mpya, toa matone mawili kwanza.

Oiva: Sindano imeingia. Matone mawili yametoka.

Saimi: Sasa zungusha kitako cha kalamu.

Oiva: Kumi na mbili... kumi na tatu... kumi na nne.

Saimi: Soma tena.

Oiva: Moja na nne. Kumi na nne.

Saimi: Mpe. Akishachoma, ahesabu mpaka kumi ndipo achomoe.

Oiva: ...nane, tisa, kumi. Tayari. Tayari, Saimi! Ameshika kijiko. Anasema wewe humpa kahawa kabla ya uji.

Saimi: Mwongo. Kahawa baada ya uji. [anacheka, meno yanagongana] Kaka, baridi ya miguuni imeniacha. Sisikii tena.

Oiva: Hiyo si nzuri. Chezesha vidole. Usilale, umesikia? Mzee ana ndoo ya majivu ya jiko la sauna. Nitashuka nayo huko, nikimwaga mbele ya kila hatua.

Saimi: Utaanguka.

Oiva: Basi nitakuja nikiwa nimekaa, kwa makalio. Gari la wagonjwa likija litukute wote.

Saimi: Chaji imebaki asilimia moja. Inazima, kaka. Haya, kwa—

Oiva: Saimi? Haloo? Saimi! [simu imekatika] Mzee, nipe hiyo ndoo. Hapana, asante. Sikai.