Bi. Dzigbordi Akorli na Koili ya Wodi ya Watoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya vifaa vya tiba ya Hospitali ya Kpodzi, Bi. Dzigbordi Akorli anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Juni.

Aliajiriwa mwaka 1993, mwanamke pekee kati ya mafundi saba. Wiki ya kwanza wakampa ufagio. Akafagia, kisha akaitengeneza mashine ya kufulia mashuka iliyokuwa imewashinda wote. Ufagio haukurudi tena mkononi mwake. Sisi mafundi wadogo tukamwita Daavi, dada mkubwa, na ukimletea akple, ugali wa mahindi na muhogo, wa moto na samaki, kazi yako ilitangulia foleni.

Lakini wengi tunamkumbuka kwa Jumatatu moja ya mwaka 2011. Mashine ya joto ya watoto njiti ilizimika asubuhi. Ndani yake alikuwamo binti wa gramu mia tisa. Muuguzi mkuu, Sista Mawuena, akamweka kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akaja karakanani mbio akiisukuma mashine.

Daavi alipoifungua pawa saplai, kisanduku kinachoilisha mashine umeme, alikuta koili, waya uliozungushwa wa kuudhibiti umeme huo, imeungua ikawa mkaa. Kitabu cha mashine kilitaka koili yenye kipimo cha mikrohenri arobaini na saba. Mimi ninayeandika haya, Selorm Agbenu, nikakimbilia stoo.

“Daavi, hii hapa! Namba ni ileile. Tuifunge!”

Akaigeuza kiganjani. “Namba ileile, tumbo dogo. Hii inabeba ampea mbili. Mashine ikivuta sana inafika nne. Koili ikishashiba umeme haizuii kitu, inauachia umeme ukaunguze transista. Selorm, wewe hununua viatu kwa rangi tu?”

Yeye akaenda kwenye rundo la mashine chakavu, akang’oa koili nene kutoka kwenye mashine ya kupimia damu iliyokufa zamani. Akaipima: arobaini na saba. Waya mnene, ampea sita. Ilikuwa kubwa kuliko nafasi yake, akailaza ubavu na kuibana kwa gundi isiyoyeyuka kwa joto.

“Sasa niichukue?” akauliza Sista Mawuena.

“Bado. Saa mbili za majaribio.”

“Saa mbili! Dada, mtoto atapoa!”

“Ikizimika akiwa ndani, je? Mfunikeni vizuri, mama yake asisogee. Nitakuita.”

Akaiwasha kwa mzigo wote, akaketi na kipimajoto akiikodolea macho koili ile. Hakutania. Kwa mara ya kwanza nilimwona Daavi aking’ata kucha. Saa ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Koili ilikuwa vuguvugu tu. Akasimama, akaisukuma mashine mwenyewe hadi wodini.

Binti yule aliondoka hospitalini wiki tisa baadaye akiwa na kilo mbili na ushei. Mama yake alimpa jina la Dzigbordi. Mashine ilifanya kazi miaka sita zaidi.

Daavi amefundisha mafundi kumi na wanne, na hakuna aliyetoka mikononi mwake bila kugombezwa. Sasa anarudi kwao Anloga kulima vitunguu kwenye shamba la babu zake.

Ahsante, Daavi, kwa mikono yako na ukali wako. Simu usiizime wiki ya kwanza. Baada ya hapo tutajikaza. Shamba likupokee vizuri, mgongo ukutii, na miaka iliyobaki iwe mirefu na yenye raha.