Kanali Ambaye Hakuweza Kuwapo

“Hoja ya Saba: Kuondolewa kwa Picha ya Kanali Ambaye, kwa Mujibu wa Kanuni, Hakuweza Kuwapo.” Ndivyo ilivyoandika kamati ya chuo chetu hapa Iowa, ilipokuwa ikiisafisha historia ya mafunzo ya uofisa wa jeshi. Kwenye ukuta wa picha za makamanda, katikati ya masharubu, yumo msichana wa mwaka 1952 mwenye alama za ndege tai, cheo cha kanali, mabegani. Nao wasichana waliruhusiwa kujiunga mwaka jana tu, 1973. Benchi la nje ya duka la donati la Holvik likapata kazi. Walikuwapo Jenerali, ambaye jeshi lilimkataa kwa nyayo bapa, Dikoni wa Kilutheri, Kinyozi, na mimi pembeni na kikombe changu.

— Mpelelezi yule, akasema Jenerali. Mrusi.

— Mrusi gani anaitwa Lorna Tvedt? akauliza Kinyozi. Baba yake alifuga nguruwe.

— Ndo ujanja wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba: leo nguruwe, kesho makombora.

— Mi nasikia alikuwa mwanamume, akasema Dikoni. Walimvika wigi kuwachanganya Wachina.

— Wachina wangemwona wapi, we Dikoni? Mi nimenyoa kadeti miaka nenda rudi, zile nywele za kweli. Ila alishakufa kabla ya kupigwa picha.

— Maiti ikae wima hivyo? akauliza Dikoni.

— Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, akajibu Kinyozi, na hakuna aliyeuliza methali hiyo imeingilia mlango gani.

Hapo akafika binti mwenye sare mpya ya kadeti, ngazi begani. Akaomba kahawa.

— Na ngazi ya nini, binti?

— Nimeagizwa nikaishushe picha. Naitwa Greta. Yule wa pichani ni mama yangu.

Dikoni akavua kofia.

— Hakuwa mpelelezi, wazee. Kila mwaka wavulana walimpigia kura msichana mmoja awe kanali wa heshima. Anavishwa joho lenye tai mabegani, anakagua gwaride la masika, anapigwa picha, anarudi bwenini.

— Kumbe pambo, akasema Jenerali. Basi kamati iko sawa. Ishushe tu, mwanangu.

— Wenzangu darasani nao wananiita pambo, akasema Greta. Nawauliza kitu kimoja tu. Mwaka wa mama, mvua ya mawe iliponyesha gwaride likiendelea, kanali wa kweli, mkuu wa mafunzo, alikuwa wapi?

Jenerali akatazama nyayo zake. Greta akamaliza kahawa yake, akaibeba ngazi na kuirudisha stoo ya chuo, picha ikiwa bado ukutani.

Kanali wa kweli alikuwa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Lorna Tvedt alibaki jukwaani akipokea saluti, mpaka kikosi cha mwisho kikapita.