Maisha ya Dakta Tom Ondiek, Aliyesafisha Ufuo Akazamisha Nyavu

Wachungaji, wazee wa Usenge, wageni mliotoka Kisumu alfajiri na nyote mlioketi kwenye jua hili, mimi ni Lorine, kitinda mimba wa Mzee Ogada, na familia imenituma niwasomee alivyoishi kaka yangu Tom. Naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu kuna jambo ambalo yeye mwenyewe alisema kwamba nikiliruka, basi na tuzo zake nizinyamazie.

Tom Ondiek alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 hapa Usenge, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ogada na Mama Perez, ambaye tuko naye, akimfuata kaka yetu mkubwa, Dalmas Opondo, ambaye hahitaji kutambulishwa kwenye ufuo huu. Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani kuanzia mwaka 1982 hadi 1989, na Baba alipofariki mwaka uliofuata, Dalmas aliacha masomo, akaingia kwenye mashua ya Baba, na kwa samaki wake Tom akasoma sekondari hadi 1993. Likizo zilipofika walijaribu kumfanya naye awe mvuvi, lakini alitapika hata mashua ikiwa bado imefungwa, akachekwa mpaka akaamua kubaki nchi kavu akimsaidia Dalmas kufunga maboya, yaani zile chupa tupu za plastiki tunazozifunga kwenye kamba ya juu ya wavu ili usizame. Kazi hiyo aliiweza, na fundo la Dalmas alilijua kama jina lake.

Mwaka 1995 alijiunga na chuo kikuu kusomea uchumi, akahitimu mwaka 1999, akapata shahada ya uzamili mwaka 2003 na ya uzamifu mwaka 2012. Tangu mwaka 2004 alikuwa mtafiti katika taasisi moja mjini Kisumu, ambako kazi yake yote ilikuwa kuuliza ni nani hasa anayepaswa kubeba gharama ya plastiki inayoingia ziwani, aliyeitengeneza, aliyeiuza, aliyeinunua, au samaki.

Tarehe 18 Disemba 2004 alifunga ndoa kanisani Kisumu na Wendy Wangui, binti wa Mzee Chege, mwenye depo ya soda pale Kibuye, na wakajaliwa watoto wawili, Elsie mwaka 2005 na Brandon mwaka 2009. Wakwe zake wanakumbuka kwamba siku ya kwanza kupelekwa kujulikana, Tom aliacha chai ikapoa, akasimama kando ya kreti za soda akimhoji Mzee Chege kwa nini chupa za kioo hazionekani zimetupwa barabarani, naye mzee akamjibu kwamba hakuna anayetupa kitu ambacho kina rudisho, yaani pesa unayorudishiwa ukileta chupa. Mke wake anasema siku hiyo aliogopa kidogo.

Jibu hilo la Mzee Chege likawa utafiti wake. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, Tom aliona kwamba chupa zimebaki, akapendekeza kwamba anayenunua soda ama maji aongezewe kiasi kidogo kwenye bei, arudishiwe atakapopeleka chupa kwenye kituo, na kanuni hiyo ikajaribiwa kuanzia Februari 2019 katika fuo za Usenge, Asembo Bay na Luanda Kotieno. Kwa kuwa alitaka zile zilizokwisha kuingia ziwani nazo zitoke, aliandika kwamba kituo kitapokea chupa yoyote, mpya au kuukuu, bila kumuuliza mtu ameitoa wapi. Hiyo ndiyo sentensi iliyotuaibisha, na iliandikwa na mtoto wa Usenge.

Maana watu waliingia ziwani wakazikata chupa kwenye nyavu zilizotegwa, wakazipeleka kituoni wakalipwa, na nyavu zikaenda chini pamoja na samaki wake. Wavu nao ni plastiki, hauozi, unakaa huko chini ukiendelea kushika samaki ambao hakuna mtu atakayewala. Ufuo ulitakata hata wageni wakaja kupiga picha, na huku ziwani tulikuwa tumetia uchafu mbaya kuliko ule tuliouokota.

Mwezi Novemba mwaka huo Tom aliitwa kwenye mkutano mkubwa Kisumu kupewa tuzo, akaonyesha ukutani picha aliyoipiga yeye mwenyewe, mlima wa chupa za kituo cha Usenge. Ilipokuzwa, aliona kwamba nyingi zina kipande cha kamba ya buluu shingoni kilichokatwa kwa kisu, na fundo lilikuwa la Dalmas. Hakuna mwingine ukumbini aliyeweza kulitambua. Watu walipiga makofi, Tom akasema asante, akapokea tuzo, akaketi, na chakula kilipoletwa akala pamoja na wengine, na kula huko kulimchoma kuliko jambo lolote alilowahi kulifanya.

Dalmas alipoteza nyavu zake zote za kuvulia mbuta, wale samaki wakubwa, na kila aliyemuuliza alimwambia kwamba ni dhoruba, ili mtu asimnyooshee mdogo wake kidole. Tom alisikia habari za dhoruba hiyo akiwa Kisumu, ambako hapakuwa na dhoruba. Mnamo Januari 2020 aliwaeleza wakuu wake na wafadhili wote kosa lilivyokuwa, kanuni ikabadilishwa ili zipokelewe chupa zenye alama ya rudisho pekee, na miaka iliyobaki aliitumia kutafuta sheria itakayomlazimu mwenye kuingiza nyavu nchini kuzichukua zikichakaa, na kuwapa wavuvi maboya halisi, sheria ambayo haijapitishwa hadi leo. Kwa wageni aliomba radhi kwa Kiingereza kizuri, lakini kwa ndugu yake hakupata hata neno moja la Dholuo, lugha yetu.

Nyote mnajua kwamba kwetu mwanamume hujenga boma lake, na kama baba hayupo, kaka mkubwa ndiye anayemtangulia na kumwonyesha mahali pa kusimamisha nyumba. Kila Disemba Dalmas alimpigia simu akimwambia, "Ondiek, kuja tuweke boma. Umekuwa mzee na bado unalala kwa nyumba ya kukodi." Kila Disemba Tom alikuwa na ripoti. Watu walisema ni maringo ya mjini, hata baadhi yetu hapa tulisema hivyo, na kumbe ni aibu tu, hakuweza kumfuata nyuma mtu ambaye alimzamishia riziki.

Agosti 2024 alipatikana na saratani ya kongosho, akatibiwa Kisumu, akafariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, mkewe na mimi tukiwa kando yake. Wiki hiyo ya mwisho alinisimulia yote haya, akasema tumzike kwenye makaburi ya mji, kwamba hana uso wa kuomba ardhi kando ya Dalmas, na kwamba haya yasomwe hadharani kwa kuwa hata makofi alipigiwa hadharani.

Nilimweleza Dalmas nje ya mochari, nikiwa nimeshindwa kumtazama. Akasema, "Mimi nilipita hapo kituo, nikaona chupa zangu. Nilijua kutoka siku hiyo. Nilikuwa nangojea tu aniambie, nimwambie haina shida." Baadaye akauliza panga liko wapi, akarudi Usenge, akaanza kukata nguzo, kwa sababu mwanamume hazikwi bila nyumba. Nyumba hiyo mnayoiona nyuma ya jeneza, ambayo udongo wake haujakauka, Dalmas aliijenga wiki hii, na hakukubali fundi akodiwe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani wa Kisumu na wa hapa waliotupikia, wafanyakazi wenzake waliokuja na basi, wazazi na ndugu wa Wendy, na wavuvi ambao leo hamkuenda ziwani ingawa mnajua anayezikwa ni nani.

Tom aliniagiza niombe msamaha kwa kila mwenye mashua aliyepoteza wavu, nami nauomba, na kwa Dalmas nauomba mara ya pili. Tom, kaka yangu, umechelewa kumwambia, lakini sasa ameambiwa, na amesema haina shida. Pumzika kwa amani, hapa nyumbani.