Dada Koti na Yule Ng'ombe

Pale Merrylands, hapa Sydney, ukitoka stesheni na kupita kwa Mlebanoni anayeuza mikate, kuna benchi la chuma ambalo halmashauri iliweka ili mtu apumzike dakika tano, si saa tatu. Jumamosi asubuhi benchi hilo lina wenyewe. Kuna Égide, jina la benchi Birika, anayekuja na chupa ya chai ambayo haijaonja chai tangu inunuliwe. Ndani ni kahawa ya tangawizi, kwa maana mji huu ukiagiza kahawa unapewa povu la maziwa na tabasamu. Kuna Clifford, Mkenya, anaitwa Ovataimu, anahudumia wazee wa watu shifti mbili mfululizo na kusinzia katikati ya maneno yake mwenyewe. Kuna Bibi Verdiane, anayepanda treni mbili kutoka Minto, na hana jina la utani kwa kuwa hajazaliwa wa kumpa. Na kuna Salvator, anaitwa Sauti. Miaka ishirini na kitu iliyopita, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, huyu Salvator alikuwa mtafsiri wa filamu kwenye kibanda cha video: Mzungu anasema ndani ya kioo, Salvator amesimama kando na kijiti, anasema hayohayo kwa Kiswahili. Tangu hapo hajawahi kuwa mtu mkubwa tena, lakini Warundi wote wa Sydney bado humwamkia kama aliwahi kuwa.

Jumamosi hiyo Égide alifika mbio, kifuniko cha chupa kikigonga.

— Jamani! Dada Koti yupo Australia!

— Nani huyo? akauliza Clifford, jicho moja limefungwa.

— Dada Koti! Yule Mbelgiji wa filamu, mwenye koti jekundu. Nimeona tangazo kwa televisheni, ile chaneli ya lugha zote. Kesho saa kumi jioni wanaanza kuonyesha filamu zake, moja baada ya nyingine. Voilà!

Salvator alikuwa ameinua kikombe. Hakukishusha wala hakunywa. Alikaa nacho hewani kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Alikuwa na sababu. Kule kambini, Mzungu mmoja wa misaada alipomaliza mkataba wake aliacha sanduku la kanda kumi na mbili, zote za mwigizaji mmoja wa kwao Ubelgiji. Salvator akalichukua sanduku kwa fahari, kwa sababu Kifaransa alikijua vizuri. Akatangaza, watu wakajaa kibandani hadi mlangoni, kanda ikaanza, yule mama wa koti jekundu akafungua kinywa, na kumbe si Kifaransa. Ilikuwa ile lugha nyingine ya Wabelgiji, ambayo Salvator aliisikia kama mtu anayesukutua maji ya chumvi. Mwenye akili angesema ukweli palepale. Salvator akakohoa, akaanza kutafsiri. Akatafsiri kanda zote kumi na mbili.

— Kwani huyo mama aliigiza nini hasa? akauliza Clifford.

— Mjane wa kanali, akasema Égide. Majambazi walimuua bwana yake, akaapa kuwatafuta nyumba kwa nyumba. Ndiyo maana kila filamu anaingia kwenye mashamba ya watu na mkoba mweusi.

— Ndani ya mkoba?

— Silaha, bwana! Sindano za sumu. Na kuna ile ya ng'ombe. Mon Dieu! Amevaa glovu mpaka begani, anaingiza mkono mzima ndani ya ng'ombe, kwa nyuma. Unajua anatafuta nini?

— Buda, sitaki kujua.

— Dhahabu! Majambazi walificha dhahabu ndani ya ng'ombe ivuke mpaka. Mwalimu Sauti alitueleza vizuri. Kibanda kizima tulisimama tukapiga makofi.

Salvator akatazama basi la Parramatta likipita. Akatamani limsimamie.

— Na kanda ya tisa alikufa, akaendelea Égide. Akazikwa kabisa, na padri. Kanda ya kumi akarudi.

— Aje? Alifufuka?

— Pacha wake. Mwalimu alisema ni pacha.

— Pacha mwenye koti lilelile?

— Walishonewa kitambaa kimoja, akajibu Salvator. Sauti ilimtoka yenyewe, kwa mazoea, na hapohapo akaona ameongeza jiwe kwenye gunia alilobeba.

Clifford sasa alikuwa macho yote mawili. Mkenya huyu hakuwahi kuona hata kanda moja, lakini jambo hilo halijawahi kumzuia Mkenya kutoa maoni.

— Sikieni. Huyo si mwigizaji. Huyo ni jasusi wa ukweli, filamu ni kisingizio tu. Nani anavaa koti lilelile miaka yote? Ni ishara ya kazi.

— Non, akasema Égide. Mimi nasikia aliacha kuigiza kwa sababu mfalme wa kwao alimkataza. Wanaume walikuwa wanaogopa kufuga ng'ombe.

— Ama yuko hapahapa! Pale Ingleburn kwenye nyumba ya wazee, nina mama mmoja Mzungu, hasemi Kiingereza, anavaa nyekundu kila siku. Nikimgusa begani ananitazama hivi. Manze, macho ya kujua mambo!

— Huyo anakuambia supu imepoa, akasema Bibi Verdiane.

Bibi Verdiane alikuwa akimenya chungwa kwa kidole gumba, ganda moja refu bila kukatika, na hakuinua uso.

— Habari hii ninayo tangu Jumatano, akasema. Nimeshaalika kwaya nzima. Watu ishirini na watatu, kesho, kwangu. Maharage nimeyaloweka tangu asubuhi.

— Kesho ni ibada, mama, akasema Salvator.

— Ibada inaisha saa nane.

— Zile filamu ni za zamani. Rangi zitakuwa zimechujuka.

— Na sisi tumechujuka. Tutatazamana.

— Lakini lugha, mama. Watu hawataelewa. Na mimi kifua changu siku hizi...

— Nani kakuita wewe? Chini ya kioo kuna maandishi ya Kiingereza. Wajukuu zangu watayasoma neno kwa neno na kutuambia. Wewe Salvator utakaa kiti cha mbele, ule, ushibe. Ulishafanya kazi ya kutosha.

Neno kwa neno. Salvator aliwaona wale watoto wa Minto na Kiingereza chao cha puani, wakisoma, na watu ishirini na watatu wakigeuza shingo mmoja mmoja kumwangalia yeye kwenye kiti cha mbele, mdomo umejaa maharage. Angehama. Lakini ukishafika Sydney, unahamia wapi tena?

— Nataka waisikie ile moja tu, akasema Bibi Verdiane. Ile ya meza.

Égide akatikisa kichwa kwa heshima. Clifford akauliza meza gani, na bibi akamweleza, huku anagawa chungwa.

— Mwaka ule wa kurudishwa, shemeji yangu aliandika jina langu kwenye orodha ya wanaorudi Burundi. Mimi na watoto, kama mbuzi wake. Alitaka shamba la marehemu mume wangu. Mimi nilikuwa mtu wa ndiyo, ndiyo. Siku hiyo nikaingia kibandani nikae kivulini tu. Nikamwona Dada Koti amezungukwa na wanaume wanne, anapiga meza, pwaa! Anasema: «Mimi si gunia la mahindi. Sibebwi bila kuulizwa.» Nikatoka kabla filamu haijaisha. Nikaenda kwa karani, nikapiga meza yake, nikasema hivyohivyo. Akalifuta jina. Kama asingelifuta, huyu binti yangu Irankunda leo asingekuwa nesi, angekuwa ameolewa na rafiki wa shemeji.

— Wacha! akasema Clifford.

— Ndiyo hivyo. Kila Jumapili namwombea yule mwanamke kwa jina. Dada Koti, Mungu ampe miguu isiyouma.

Wakati huo akafika msichana mmoja mrefu, begi mgongoni, akawasalimu kwa mikono miwili. Ni Nkatha, mpwa wa Clifford, ana wiki mbili tu hapa, amekuja kusomea unesi, na alifuata funguo za nyumba. Alikuwa amesikia mwisho wa habari, naye alikuwa bado hajajifunza kwamba kwenye benchi lile mgeni husikiliza kwanza.

— Samahani, shosho. Huko Ubelgiji wanabeba mahindi kwa gunia?

Salvator akaona kamba za viatu vyake zinahitaji kufungwa upya.

— Labda ni wakulima, akasema Clifford.

— Ngoja niangalie, akasema Nkatha, na simu ilikuwa mkononi tayari.

— Usimalize bando lako, mwanangu, akasema Salvator kutoka chini ya benchi.

— Hakuna shida, mzee, ni la mwezi. Huyu hapa. Koti jekundu, sivyo? Anaitwa Goedele Vanhoorick. Alianza kwa kusoma hali ya hewa kwenye televisheni. Halafu akaigiza filamu mbili hivi, hazikuuza. Halafu akawa kwenye tamthilia moja miaka kumi na moja. Daktari wa mifugo wa kijijini.

— Daktari wa nini? akauliza Égide.

— Wa mifugo. Anatibu ng'ombe. Sasa amestaafu, ana duka la maua.

— Na kanali?

— Hakuna kanali. Kwenye tamthilia kuna mume, anauza jibini.

— Yuko hai?

— Anaonekana mzima sana.

Égide akakaa. Alikaa kama mtu aliyeambiwa nchi yake haipo kwenye ramani. Nkatha akapata kipande cha filamu, wote wakainama juu ya simu, isipokuwa Salvator ambaye alikuwa kwenye kiatu cha pili. Ng'ombe akapita na glovu yake. Maandishi yalisema ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mazishi yakapita, aliyezikwa ni mjomba wa muuza jibini, na Dada Koti alikuwa amesimama pembeni, anakula keki. Kisha Égide akapiga kelele.

— Hapo! Wanaume wanne! Hapo anapiga meza!

Pwaa, ikasema simu. Bibi Verdiane alikuwa ameshika ganda la chungwa kwa mikono miwili.

— Soma, akasema.

Nkatha akasoma kimya kwanza. Kisha akasoma kwa Kiswahili, taratibu, maana hata yeye sasa alianza kuona pahali alipokanyaga.

— Anasema: «Nani ameegesha trekta mbele ya lango langu?»

Treni ikaingia stesheni, ikatoka. Mlebanoni akapanga mikate yake.

— Sasa, akasema Nkatha, yale ya gunia alisema nani?

Wote wakamwangalia Salvator. Akainuka kutoka kwenye viatu, kwa sababu viatu ni viwili tu. Aliyatafuta yale maneno kichwani mwake, yalitoka wapi. Alikumbuka joto, mdomo wa Mzungu unaokwenda haraka, watu wanamngoja, na yeye anatupa maneno kama anayetupa kuni motoni. Gunia halikuwa na mwenyewe.

— Sijui, mama, akasema. Wallahi sijui.

Na yeye ni Mkatoliki.

Égide akageuza chupa juu ya kikombe chake. Matone matatu, basi. Akaitikisa sikioni kana kwamba itabadili mawazo.

Bibi Verdiane akakunja ganda la chungwa, akalitia mfukoni. Akasimama, akakung'uta sketi.

— Miaka ishirini namwombea miguu muuza maua wa watu, akasema. Ndiyo maana miguu yako wewe Salvator ni mibovu, hakuna anayekuombea.

— Nisamehe, mama.

— Sikukuuliza habari ya msamaha. Kesho saa kumi uje, usichelewe, uje na kijiti. Nitabandika kanga chini ya kioo, pale penye maandishi, na wajukuu watanyamaza.

Salvator akakohoa kidogo, akijiandaa.

— Na yule ng'ombe, mama? Niseme nini?

Bibi alikuwa ameshafika kwenye ngazi za stesheni. Akageuka nusu.

— Ng'ombe mwache azae. Wajukuu zangu wanasoma sayansi.