Fundi wa Ndege ya Kutunguliwa: Maisha ya Amedeus Teofili Ligongo, 1962–2025

Baba Paroko, viongozi wa serikali na wa jeshi, ndugu waombolezaji, mimi Dionisi, mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee safari ya kaka yetu, na mkinisikia nacheka katikati mnisamehe, yeye ndiye aliyetuzoesha.

Amedeus alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Malinyi, mtoto wa pili wa mzee Teofili na mama Levina, wakulima wa mpunga, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, kisha akasomea ufundi mitambo Morogoro, mwaka 1981 akaingia Jeshi la Kujenga Taifa kambi ya Chita, alikopenda trekta kuliko chakula, na mwaka 1983 akaajiriwa jeshini.

Tarehe 25 Juni 1988 alifunga ndoa na shemeji yetu Klementina hapa Ifakara, wakajaliwa watoto watatu, Dativa, Fredy na Agnella, na wajukuu watano.

Mwaka 2014 aliteuliwa kwenye kikosi kidogo cha kutengeneza, kwa majaribio, ndege isiyo na rubani inayosukumwa na roketi, ambayo kazi yake, na hili tumeruhusiwa kulisema, ni kuruka ili wapiga mizinga wajifunze kuitungua. Ya kwanza iligoma kuondoka, ya pili na ya tatu zilianguka kabla hata ya kulengwa, na wakubwa wakasema ya nne ikishindwa kazi inafungwa na mafundi wanatawanywa.

Tarehe 16 Aprili 2019, mvua za masika zikinyesha, wataalamu walipima baruti ya roketi wakasema ni kavu, lakini kaka hakuridhika, akachukua kipande akakiuma, kama tunavyouma punje ya mpunga kwenye turubai kabla ya kuipeleka mashineni, akatangaza kuwa bado mbichi. Ulimi ulivimba siku tatu, daktari wa kambi akamuuliza kama nyumbani hapikiwi, ila mkuu wake alimwamini kaka, mzee wa Malinyi, kuliko kipimo, jaribio la ndege ya nne likaahirishwa, baruti ikakaushwa upya.

Tarehe 3 Mei ndege iliruka dakika nne nzima, ikapigwa, ikasambaratika, na vijana waliohangaika nayo miaka mitano wakatokwa machozi, kaka peke yake akapiga makofi, akiwaambia kwamba kitu kilichofika kilikotumwa hakililiwi.

Alistaafu mwaka 2022 akarudi shambani, Juni 2024 akaanza kuugua figo, akatibiwa hapa Ifakara hadi Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa ameshikwa mkono na mkewe, ambaye siku moja kabla kaka alimwambia maneno yale yale ya siku ya jaribio, akimsihi asimlilie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kulala nasi matangani, na askari wenzake waliosafiri usiku kucha kumsindikiza.

Kaka, amri zako zote tulizitii, hii ya mwisho imetushinda, tazama shemeji, watoto, hata mimi niliyeahidi kucheka. Umefika ulikotumwa, nasi tunakulilia. Pumzika kwa amani.